Simu Haikuua Baraza

Ramadhani ikikaribia, kwenye kundi la WhatsApp la familia yetu hakosekani mtu wa kutuma ile picha. Wazee wanne wamekaa barazani, kofia za viua kichwani, dele la kahawa katikati yao, baiskeli imeegemezwa ukutani. Chini ya picha huja maneno yale yale: enzi hizo watu walikuwa wanaonana, simu ndizo zilizotumaliza. Baada ya hapo ni alama za moyo tu, kila mmoja anatuma akiwa chumbani kwake, mlango umefungwa, feni inazunguka.

Mwaka huu sikuweka alama yoyote. Nyumba ya kwenye picha naijua, maana nimekulia humo. Ni nyumba ya bibi yangu mzaa mama, mtaa wa Ngamiani mjini Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba ambazo mgeni huziona kichekesho mpaka siku anapoifikia nyumba ya mwenyeji wake bila kuuliza mara mbili. Baraza lile lilivunjwa mwaka 1998. Wakati huo katika ukoo wetu mzima hakuna aliyekuwa na simu ya mkononi. Simu tuliyoijua ilikuwa ya mezani, dukani, ya kulipia, na ukipiga muuzaji anasikia kila neno. Aliyelivunja baraza ni mjomba, kwa nyundo ya kuazima. Aliyemwambia alivunje ni bibi mwenyewe.

Kwa hiyo simu ina mashahidi wa kutosha kwamba siku ya tukio haikuwapo.

Naandika haya kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu maisha yalivyobadilika tangu enzi za mababu yamekuwa mepesi mno. Tunataja vyombo: zamani redio ya mbao, sasa simu, zamani baiskeli, sasa bodaboda. Kisha tunakilaumu chombo cha mwisho kufika, kama wifi mgeni anayesingiziwa kila sufuria iliyoungua. Mimi naona mtu wa Tanga wa mwaka 1926 na wa leo wanatofautiana zaidi kwa nyumba: wanapolala, wanapopikia, wanapokaa jua likizama, na nani ana haki ya kupita mbele ya mlango wao. Nyumba ndiyo iliyoanza kujifunga, kidogo kidogo, kwa sababu za pesa, joto na moshi. Simu ilipofika ilikuta mlango umeshafungwa muda mrefu.

Ngamiani yenyewe ni mtaa uliochorwa. Mjerumani alianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, na mji ukapangwa kufuata reli na rangi za watu. Wazungu walikaa upande wa bahari kuelekea Ras Kazone, Wahindi na maduka yao wakawa katikati, Waafrika ng'ambo ya reli kwenye viwanja vilivyonyooshwa kwa rula. Mwingereza alipoichukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza hakuona sababu ya kubadilisha mchoro. Ndani ya viwanja hivyo watu wakajenga nyumba waliyoijua: nguzo na boriti za mikoko, fito, udongo wa kukandika, makuti juu. Kukandika kulikuwa kazi ya msaragambo, siku moja mtaa mzima umepaka matope mpaka viwikoni, na mwenye nyumba kazi yake ni kuhakikisha sufuria haikauki.

Ramani yake hata mtoto wa Tanga aliyezaliwa ghorofani anaweza kuichora. Mbele baraza. Kisha mlango wa mbao wenye mabawa mawili. Ukiingia, ukumbi ulionyooka moja kwa moja mpaka mlango wa nyuma, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto. Nyuma ni uani: jiko, bafu, choo cha shimo, na kwa mwenye bahati kisima. Bibi alikuwa na msemo wake kuhusu ramani hii. Akisikia fundi anataka kupunguza upana wa mlango ili kuokoa mbao, humwambia, "Mlango hupimwa kwa jeneza, mwanangu." Tukiwa watoto tuliona ni maneno ya kutisha. Alikuwa anatoa kipimo cha ujenzi.

Sasa, kwa nini vyumba sita? Jibu la picha za WhatsApp ni kwamba familia zilikuwa kubwa na watu wakipendana. Nyumbani kwetu familia ilikaa vyumba viwili. Vinne vilikuwa vya wapangaji, na ndivyo ilivyokuwa kwa majirani zetu wengi tangu kabla bibi hajaolewa. Serikali ya kikoloni ilitaka kodi ya nyumba na ya kichwa, na iliitaka kwa fedha taslimu. Mjerumani aliianzisha, Mwingereza akaiwekea sheria yake mwaka 1922. Mtu mwenye nyumba ya udongo na asiye na mshahara angeipata wapi shilingi? Alipangisha. Na wapangaji walikuwepo tele, kwa sababu ya mkonge.

Hadithi ya mkonge wengi tunaijua kwa juu juu. Daktari Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida mwaka 1893, iliyofika hai na kupandwa upande wa Pangani ni 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakaja mashamba yaliyofunika Muheza, Korogwe mpaka Pangani, na baadaye nchi nzima ikaitwa ya kwanza duniani kwa zao hilo. Mashamba yalihitaji mikono. Watu waliletwa kutoka Songea, Kigoma na hata ng'ambo ya mipaka, wakaitwa manamba, wakapewa kipande, yaani kadi ya kazi, cha siku thelathini; mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, chombo cha kuwasaka na kuwasafirisha vibarua hao. Mkataba ukiisha, au ukimshinda, kijana huyo harudi kwao mikono mitupu. Anakuja mjini kutafuta ukuli bandarini, uboi kwa Mzungu, kazi ya reli, na chumba Ngamiani.

Ndiyo maana barazani kwa bibi palikuwa na Mbondei, Mdigo, Mmakonde na Muha kwenye mkeka mmoja. Tunapenda kusema ni ukarimu wa watu wa pwani. Ukarimu ulikuwepo, siubishi, lakini aliyewakutanisha ni mwenye nyumba aliyehitaji kodi na mpangaji aliyehitaji pa kulala. Nyumba ya Kiswahili tunayoililia kama shule ya ujamaa ilikuwa mradi wa biashara tangu siku ya kwanza, na wenye mradi wengine walikuwa wanawake, wajane na walioachika, ambao hawakuwa na mtaji mwingine wowote mjini zaidi ya vyumba.

Na kwa nini wapangaji hao walikaa barazani? Kwa sababu ndani hakukaliki. Chumba kina dirisha moja la mbao ukubwa wa sinia. Makuti yalikuwa na ubaridi wake, ila yalishika moto kirahisi, yakaja madebe yaliyokunjuliwa, kisha bati. (Debe lenyewe limetoka paani likabaki sokoni, mpaka leo mahindi Tanga yanapimwa kwa debe, na kijana anayepima hajawahi kuliona likiwa na mafuta ya taa.) Bati la mwezi wa Januari, kaskazi ikiwa imetulia, bila silingibodi, linageuza chumba kuwa tanuri la mikate. Ndani pia kuna giza: koroboi inatoa moshi kuliko mwanga, chemli ni ya wenye nafasi. Sasa mtu akitoka bandarini saa kumi na mbili jioni aende wapi? Anakaa nje mpaka bati lipoe. Soga lilikuwa nyongeza.

Hapa kuna jambo linalonikera kidogo kila nikilifikiria. Maporomoko ya mto Pangani yalianza kutoa umeme tangu miaka ya 1930, na miaka ya 1960 ikaongezwa stesheni ya Hale. Umeme huo ulizalishwa mkoani kwetu, ukaendesha mitambo ya mkonge na kuwaka mjini kwa waliokuwa na uwezo wa kuuvuta, huku sehemu kubwa ya Ngamiani ikiendelea na koroboi. Nyumba ya bibi iliwekewa umeme mwaka 1987. Kwanza taa mbili, ukumbini na barazani. Taa ile ya barazani ilizidisha watu. Mabao yalichezwa mpaka saa tano usiku.

Kisha ikaja feni, na hakuna aliyeiona kama tishio. Feni ndiyo chombo cha kwanza kilichomfanya mwanamume mzima wa Tanga aone afadhali kubaki chumbani saa moja usiku. Nakumbuka mpangaji mmoja, karani, alinunua feni ya mezani, na tangu wiki ile hakuonekana barazani ila siku umeme ulipokatika. Televisheni ilifuata. Bara haikuwa na stesheni yake mpaka mwaka 1994, na miaka ile ya mwanzo runinga ilikuwa chombo cha mtaa: mwenye nayo aliiweka dirishani na sisi tukaketi mchangani. Ila chombo cha thamani kikikaa ndani, nyumba huanza kuogopa. Madirisha yakapata nondo. Mlango ambao haukuwahi kufungwa kabla ya saa nne usiku ukaanza kufungwa magharibi. Mtu asiye na cha kuibwa haoni haja ya komeo.

Mpaka hapa nimezungumza kama mwanamume, na huo ndio upungufu wa ile picha. Angalieni vizuri: hakuna mwanamke hata mmoja. Nilimpigia mama mkubwa kumuuliza anakumbuka nini kuhusu baraza. Akacheka. "Baraza lilikuwa lenu," akaniambia. "Sisi tulikuwa na uani, na uani kulikuwa na kazi."

Akaanza kunihesabia. Jiko moja la moshi, wanawake watano, mafiga ya kupokezana. Foleni ya choo alfajiri, kopo mkononi, na ole wako uwe na tumbo la kuendesha. Ukikaanga changu, nyumba nzima inajua mumeo kapokea. Usipokaanga, inajua pia. Kulikuwa na mpangaji, akasema, aliyekuwa akiinjika sufuria ya maji matupu na kuifunika, ikachemka mpaka ikakauka, ili wenzake wasijue kwamba siku ile kwake hakuna. Wote walijua. Nao walijifanya hawajui, na mmojawapo angemtuma mtoto na bakuli la mchuzi, "mama kasema uonje chumvi." Uani kuna fitina, kuna ugomvi wa kamba ya kuanikia, kuna mtu kukuchungulia kila unachokula. Kuna pia mtoto kuangaliwa na watu watano, na mzazi kukandwa siku arobaini bila kulipa mtu.

Nikamuuliza kama anapakumbuka kwa hamu. Alinyamaza kidogo. "Siku niliyopata jiko langu la ndani nililala usingizi, mwanangu."

Sentensi hiyo imenizuia kuandika makala ya kilio. Mwanamke huyu hakuporwa uani na mtu yeyote. Aliuacha kwa miguu yake, na angeuacha mapema zaidi kama ingewezekana. Kilichokuwa kimemshikilia pale ni moshi na maji. Kuni hazipikiwi chumbani. Mkaa unapikiwa, ila mtu anakufa. Mtungi wa gesi ulipoanza kupatikana kwa bei inayosogeleka, jiko likaingia ndani kwa mara ya kwanza bila kuua mtu, na sababu kubwa ya wanawake watano kukutana kila siku ikaisha. Maji vivyo hivyo: kutoka kisimani hadi bomba la mtaa, kutoka bomba la mtaa hadi la uani, na sasa, kwa wengi mjini, maji ya mto Zigi yaliyozuiwa kwenye bwawa la Mabayani yanafunguliwa kwa koki ndani ya bafu. Mjukuu wa mama mkubwa hajawahi kubeba ndoo kichwani. Shingo yake imenyooka, na hawajui majirani zake.

Turudi kwa nyundo ya mjomba, maana hapo ndipo penye uzito.

Tanga ya utoto wangu ilikuwa inaporomoka polepole. Mwaka 1964 nchi ilizalisha karibu tani 230,000 za mkonge. Kufikia miaka ya 1990 zilikuwa zimeshuka chini ya 30,000. Kamba za nailoni na plastiki zilikuwa zimeteka soko la dunia, na mashamba yaliyotaifishwa baada ya Azimio la Arusha yalikuwa mengi yake yameachwa yakawa vichaka. Mji uliokuwa na viwanda vya mbolea, chuma na sabuni ukaona mageti yakifungwa kimoja baada ya kingine. Kila geti lililofungwa lilikuwa na wapangaji wake Ngamiani. Kwa bibi, kati ya vyumba vinne vya kupangisha, viwili vilikaa miezi mitatu bila kodi mwaka 1996, si kwa sababu vilikuwa vitupu. Wapangaji walikuwemo. Walikuwa wamepunguzwa kazini, wanangojea mafao. Bibi hakuwafukuza. Ungemfukuza mtu uliyekwishamuuguzia mwanawe?

Lakini naye alikuwa anakula kwa vyumba hivyo. Mtu mmoja akamshauri: mama, kodi ya chumba ni hadithi, pesa iko kwenye fremu za maduka. Vunja baraza, vyumba viwili vya mbele vitoboe milango inayotazama barabara, uweke mageti ya kukunja. Mwenye duka hulipa mapema. Fremu moja ilichukuliwa na muuza vipuri vya baiskeli, nyingine na muuza mitumba. Kodi ya fremu hizo mbili ilizidi ya vyumba vyote vinne. Mwaka uliofuata nyumba tatu upande wetu wa barabara zilifanya vile vile, na baadaye upande wa pili.

Mimi nilikuwa kidato cha pili. Nilichokiona siku ile ni vumbi la chokaa na wazee wawili waliokuja jioni kwa mazoea, wakasimama mbele ya kifusi na bakora zao, wakaondoka. Sikumbuki bibi akisikitika. Nakumbuka akihesabu pesa za mwezi wa kwanza, mara mbili.

Ukitaka kutafuta mkosaji wa kisiasa, naye yupo, ingawa ni mbali zaidi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa ya Msajili wa Majumba. Tanga yaliyoguswa ni ya katikati ya mji, ya ghorofa, mengi ya Wahindi. Nyumba ya udongo ya Ngamiani haikufikia thamani hiyo hata ukiipima pamoja na watu wake. Kwa hiyo kwa miaka ishirini mwenye mshahara mzuri hakuwa na ari ya kujenga ya kupangisha, na mzigo wa kulaza mji ukabaki kwa akina bibi. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 likaondoa miiko ile. Kuanzia hapo walio na mikopo na marupurupu walijenga, na walijenga walichokitamani muda mrefu: nyumba yenye ukuta.

Saruji ya Pongwe ilikuwa hapo jirani tangu mwaka 1980. Mji ukapanuka kuelekea Kange na kwingineko. Sensa ya mwaka 1967 ilikuta watu wapatao 61,000 Tanga mjini, ya mwaka 2012 ikakuta 273,332. Viwanja vipya vina ramani yake. Nyumba inasimama katikati ya kiwanja, imezungukwa na fensi, juu ya fensi vipande vya chupa au nyaya, mbele geti la chuma lenye mlango mdogo wa kupitia mtu mmoja. Baraza lingekaa wapi? Kati ya ukuta na barabara kuna mtaro. Ndani ya geti kuna veranda nzuri yenye vigae, ila mtu hawezi kuketi pale kwa kupita njia. Lazima abishe, mbwa abweke, aulizwe yeye nani. Na msamiati wa dalali umebadilika kabisa. Zamani mtu aliuliza chumba kwa nani. Leo anauliza kama ni "self", yaani choo na bafu ndani, kama luku, ile mita ya umeme, ni ya peke yake, kama kuna kuchangia choo. Kutochangia ndiko kunakolipiwa.

Sisemi watu hawakai tena. Vijana wa bodaboda wana vijiwe vyao chini ya mwarobaini, kahawa na kashata bado zinauzwa, na ukipita Ngamiani jioni utakuta mkeka wa drafti mahali ambapo fremu haijafunguliwa. Tofauti ninayoiona ni kwamba kijiwe ni cha marika. Pale barazani mtoto wa darasa la tatu alikuwa anasikiliza wazee wakibishana kuhusu mgomo wa makuli wa mwaka 1939 kana kwamba ulitokea jana, na kila mmoja akidai baba yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kutua gunia. Nilijifunza historia ya mji huu pale, pamoja na matusi.

Sasa tuitendee haki simu. Mimi ni mmoja wa walionufaika nayo. Tangu kutuma pesa kwa simu kuanze nchini mwaka 2008, ndugu walioko Dar na Arusha wanamtumia mama mkubwa pesa ya dawa ikafika kabla hajavaa viatu. Kabla ya hapo mtu akifa Ngamiani, kijana alipewa baiskeli aende Pongwe, mwingine anapandishwa basi la Pangani, na kwa walio mbali tulitegemea matangazo ya vifo ya redio, nyumba nzima imenyamaza, kila mtu anaomba asisikie jina analolijua. Leo ujumbe mmoja unafika kwa watu tisini. Simu haikuondoa watu barazani. Iliwakuta wamekwishatawanyika kwenye fensi zao, ikawashonea uzi. Uzi ni mwembamba, nakubali. Unaunganisha wanaofahamiana tayari. Muha na Mdigo wasiojuana hawawezi kukutana kwenye kundi la familia ya mtu.

Kuna jambo moja tu katika maisha ya kila siku ambalo nyumba mpya haijalipatia dawa, nalo ni msiba. Harusi tumezihamishia kumbi za kukodi. Kujifungua ni hospitali. Hata futari siku hizi inanunuliwa. Lakini maiti wa Kiislamu Tanga bado huoshwa nyumbani na kutolewa nyumbani, na watu hukaa hapo siku tatu. Ndiyo sababu familia nyingi zimeng'ang'ania nyumba chakavu za Ngamiani ambazo warithi kumi na moja wanagombania: mtu anaishi Kange, akifa analetwa "nyumbani", kwenye ukumbi ulionyooka na mlango wa mabawa mawili, kwa sababu kule anakoishi hakuna pa kumweka.

Ya kwetu tuliiuza mwaka 2016. Warithi walikuwa wengi, mnunuzi alikuwa na pesa taslimu, na leo pale pana ghorofa mbili, chini maduka. Nilitia sahihi kama wenzangu, na mgao wangu niliutumia kumalizia fensi.

Mwaka jana akafa mama yangu mdogo. Alikuwa amepanga Kange, chumba na sebule, choo ndani, "self" ya hakika, luku yake mwenyewe, na alikuwa akijivunia kwamba kwa miaka minne hajagombana na jirani hata mara moja. Mwenye nyumba, Mungu ambariki, hakuleta tatizo. Wanawake walimwoshea chumbani, wakitoka na kuingia kwa zamu kwa kuwa hawakuenea. Shida ilianza wakati wa kumtoa. Korido ina kona, na jeneza halikukata kona. Tulilisimamisha, tukalilaza, tukajaribu kwa dirisha lakini kuna nondo. Mwishowe alibebwa mikononi mpaka uani, ndani ya mkeka, jeneza likamsubiri nje ya veranda. Kutoka pale hadi barabarani kulikuwa na geti. Mlango mdogo haukutosha, na geti kubwa lilikuwa limekwama. Hakuna aliyekuwa amelifungua tangu mvua za masika.

Jirani wa mkono wa kushoto, ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyejua jina lake, alileta nyundo na bisibisi. Wa kulia akaleta jeki ya gari. Waliling'oa geti lote kwenye bawaba zake, wakaliegemeza kwenye ukuta, mama mdogo akapita.

Halikurudishwa siku ile. Kwa siku tatu nyumba ile ilikaa wazi, turubai likaanzia kwenye veranda mpaka katikati ya barabara, viti vya kukodi, wazee wamekaa palipokuwa na geti kwa sababu ndipo penye upepo. Muuza kahawa alituona kutoka barabara kuu akaja na dele lake. Jirani wa kushoto alikuwa mtu wa Mkinga, yule wa jeki ana mtoto anayesoma darasa moja na wa kwangu. Siku ya nne asubuhi alikuja fundi wa kuchomelea. Mwenye nyumba alimwagiza, akilirudisha, alipake na grisi.